Kidonge cha Kwanza cha Kazadi

Jumapili ile ya kikao tulikuwa watu sita katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, katika mtaa wa Shituru. Nonko Mukendi, kaka wa mama yetu, alikalia kiti pekee chenye mikono. Pasta Ezekia alikaa kwenye benchi, Biblia juu ya goti lake. Mama Odia, anfirmie, yaani muuguzi, wa kituo cha afya na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikaa karibu na dirisha, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini. Ntumba, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka kumi na mitatu; alisimama kwenye mlango wa chumba cha kulala kwa sababu viti vilikuwa vimeisha. Kazadi, mdogo wangu anayenifuata, alikaa sakafuni, na mguu wake ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa kabati kwa kamba ya kuanikia nguo. Wa sita nilikuwa mimi, Kapinga, mkubwa wao, nimesimama nyuma ya meza na mikono yangu nimeificha ndani ya kikwembe nilichojifunga. Ninawataja wote kwa kuwa kila mmoja alisema siku ile kile alichokiamini. Mimi peke yangu nilisema nisichokiamini.

Jumamosi iliyopita tulimzika Mama Odia. Nonko alitangulia zamani, na Pasta alihamia upande wa Kolwezi, hatuna habari zake. Tulikaa matanga siku tatu katika ua wake, mimi na wanawake wengine tukisonga bukari, yaani ugali, katika sufuria ambazo mtu mmoja hawezi kuziinua, na muda wote nilikuwa nikiusikia ule ukuta. Kati ya chumba chetu na chumba chake palikuwa na tofali moja tu. Sisi tulisikia kijiko chake kikigonga kikombe asubuhi, naye alisikia kila kitu chetu: tukicheka, tukigombana juu ya samaki, Ntumba akikariri masomo kwa sauti. Ndivyo alivyojua mapema kuliko wote kwamba Kazadi alikuwa mgonjwa.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki. Shule nilikuwa nimeiacha katika darasa la pili la sekondari, na sikuwa na uchungu nayo tena, kwa sababu munkoyo yangu, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, ilikuwa na jina. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo, naponda mizizi, napika uji wa mahindi, nauacha upoe, halafu nabeba ndoo mbili mpaka kwenye mashimo ya wachimbaji wa madini, ng'ambo ya mtaa wa Panda. Mezani kwangu palikuwa na vikombe vya plastiki, kalanga za chumvi, sigara za kuuza moja moja, na kopo la maziwa lenye mfuniko. Ndani ya kopo hilo mlikuwa na vidonge. Mtu wa pikipiki ndiye aliyeniletea, kama alivyowaletea akina mama wote waliouza pale. Hakuna aliyeviita dawa za kulevya. Ilikuwa dawa ya mgongo. Mtu aliyeshuka shimoni mita ishirini na kupanda na gunia alikunywa kikombe cha munkoyo, akameza kimoja, akashuka tena. "Mama Munkoyo, tupatie ile ya mugongo," walikuwa wananiambia, "leo jiwe iko nguvu." Nami nilifungua kopo kwa moyo mweupe, kama mtu anayempa mwenzake chumvi.

Kazadi alianza kushuka mwaka huo huo mvua zilipoanza. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwembamba, mtu wa maneno. Mimi alikuwa akiniita Madame la Directrice, bibi mkuu wa shule, kwa sababu ya jinsi nilivyogawa chakula. "Madame la Directrice," alikuwa anasema akiinua sahani yake, "hii samaki ilikufa kwa njaa ao tumeila nusu jana?" Ntumba alikuwa akicheka mpaka maji yanamtoka puani. Wiki yake ya kwanza shimoni ilipokwisha, alirudi hawezi kukaa wala kulala. Alijinyoosha juu ya mkeka karibu na babula, jiko letu la makaa, uso umegeukia ukutani ili Ntumba asimwone akilia. Nilikuwa na sombe, kisamvu chetu, motoni. Nilinawa mikono, nikaenda kwenye ndoo zangu, nikafungua kopo, nikamletea kidonge kimoja na kikombe cha maji. Nilimshika kichwa ili asimwagikiwe. Baada ya muda mfupi alikaa, akala, akauliza kama kuna bukari imebaki. Nakumbuka furaha yangu. Nilijiona mama kweli siku ile, mtu aliyejua la kufanya.

Kesho yake nilimpa kingine bila yeye kuomba. Baadaye alikuwa akijichukulia mwenyewe kwenye kopo, na baadaye tena sikuhesabu kilichopungua. Miezi ya mwanzo alifanya kazi ya watu wawili, na mimi nilijivuna mbele ya wenzangu pale mashimoni. Kisha akaanza kujikuna pua usiku na mchana. Chakula kilimshinda, alikuwa anakizungusha kwenye sahani akisema ameshiba na hali hajala. Maneno yake yalipungua, na yaliyobaki yalikuwa makali. Nilipolificha kopo, aliuza redio. Nilipofunga mlango, aliuza kufuli. Halafu ikatoweka sufuria kubwa ya munkoyo, ile ya mama yetu, na wiki hiyo hiyo akaanguka mbele ya babula, mwili wote ukikakamaa, makaa yakimchoma mkono. Nilipomwinua, Mama Odia alikuwa tayari mlangoni, hajavaa hata viatu. Alimgeuza ubavu, akamshika hivyo mpaka akatulia.

"Anameza ngapi?" aliniuliza.

"Sijue, Mama."

"Kapinga. Ngapi?"

"Sijue."

Mtaani walikuwa wamekwisha kupata jibu lao. Nilikuwa nikiwasikia kwenye bomba la maji, wakinyamaza nilipofika na kuendelea nilipogeuka. Wengine walisema amemkanyagia mtu shimo lake, ndiyo maana wamemroga. Wengine walisema ni mwizi tangu zamani, ila mwanzo aliiba kwa adabu. Mimi nilijaza ndoo zangu, nikaziinua. Vidonge nilikuwa nimeacha kuuza siku alipoanguka. Kopo nililitupa kwenye choo cha shimo. Nilidhani kwa kulitupa nimemaliza.

Basi Nonko akaita kikao. Kwetu kikao kina utaratibu wake. Wageni husema kwanza, wajomba hufuata, na mkubwa wa watoto wa marehemu husema mwisho. Neno lake ndilo linalofunga mlango. Baada yake hakuna anayeongeza kitu, hata Nonko. Kwa hiyo nilijua tangu mwanzo wa siku ile kwamba nitakachosema ndicho kitakachofanyika.

Pasta alisema wa kwanza. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki asomwe hapa kama mtu mbaya. Alikuwa akifunga yeye mwenyewe pamoja na wagonjwa wake. "Mapolisi banafunga mwili," alisema. "Ile yenye iko ndani yake, hakuna kamba ya kuifunga. Munipatie siku saba. Atafunga bila chakula, bila mayi. Pepo itasikia kiu, itatoka yenyewe."

Mama Odia alivua miwani yake, akaifuta. "Pasta, minye pia niko muntu wa sala. Mais uyu mutoto iko mugonjwa. Kama alikuwa na ugonjwa ya sukari, mungemufunga kwa kabati? Mwili yake imezoea ile dawa. Mukimukatia mara moja, ataanguka tena, na safari hii hatujue kama ataamuka. Nitaongea na daktari. Tutamupunguzia kidogo kidogo, miezi mbili, minye mwenyewe nikimupatia kwa mukono yangu."

"Umupatie tena?" Nonko aliuliza. "Ile ile sumu?"

"Ile ile, Papa Mukendi. Kila juma inapunguka."

Nonko alijipiga goti. "Voilà! Basi na mulevi tumupatie lutuku na kijiko!" Hata Pasta alicheka. Kisha Nonko akageuka kumtazama Kazadi, na kicheko kikamtoka. "Minye nasema gereza ya Buluo. Bamufunge miezi sita, ashike jembe. Sufuria ya dada yangu aliuzisha. Ya dada yangu!"

"Nonko," alisema Kazadi kutoka sakafuni, "kama Buluo bukari ni ya bure, twende leo. Hapa Directrice anapima na kijiko."

Ntumba alicheka, akaziba mdomo wake haraka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa Kazadi kutuchekesha, na hakuna aliyejua.

Mama Odia hakucheka. Alivaa miwani. "Naomba kitu moja tu," alisema. "Nijue alianza lini, anameza ngapi kwa siku, na nani alimupatiaka ya kwanza. Si kwa kushitaki muntu. Ni kwa kupima nianzie wapi. Na munisikilize: kama tunajua ya kwanza ilitoka wapi, tutajua kama haikuwa mulozi. Ilikuwa muntu tu, na mugongo yenye kuuma."

Nakumbuka nzi juu ya kitambaa cha meza, nakumbuka harufu ya samaki kwenye mikono yangu. "Ni bale ba mashimo," Nonko alisema. "Ni muntu mwenye alitumwa," Pasta alisema. Kazadi aliinua macho akanitazama. Alikuwa anajua. Kamba ilikuwa mguuni mwake, na neno moja lake lingetosha kunihamishia mimi macho yote ya chumba kile. Alinitazama kama anavyotazama mtu aliyeshika kitu kizito cha mwenzake na kuamua kukibeba.

"Sikumbuke," alisema.

Kisha ikawa zamu yangu. Mama Odia alikuwa na haki. Nilijua alikuwa na haki tangu aliposema "iko mugonjwa". Lakini njia yake ilianza na swali, na jibu la swali lile lilikuwa mimi. Kumpeleka Buluo nisingeweza. Njia ya Pasta haikuuliza kitu. Pepo haina haja ya kopo la maziwa wala ya dada mkubwa. Nilisema, "Aende kwa Pasta." Mlango ukafungwa. Mama Odia aliinuka, akaniangalia kidogo tu, akatoka na viatu vyake vyeupe, na asubuhi iliyofuata, kwa mara ya kwanza, upande wa pili wa ukuta hatukusikia kijiko.

Nyumba ya maombi ilikuwa ghala la zamani huko Panda, limepakwa chokaa, na mikeka imepangwa kando ya kuta. Walituambia tusilete chakula wala tusije kabla ya siku ya saba. Siku ya kwanza niliuza munkoyo. Siku ya pili niliuza. Siku ya tatu mchimbaji mmoja aliniambia, "Mama Munkoyo, leo umesahau kutia sukari," nikagundua nilikuwa sijaonja kitu tangu Jumapili. Siku ya nne nilichukua shati safi la Kazadi, kama sababu ya kwenda, nikaenda.

Nyimbo zilisikika tangu barabarani. Mwanamke mmoja alinipokea mlangoni akiruka kwa furaha, akanishika mikono yote miwili. "Mama, furahi! Pepo iko inatoka!"

Kazadi alikuwa amelala chali juu ya mkeka, mgongo umepinda kama upinde, meno yamebana, povu lenye damu mdomoni. Watu waliomzunguka walikuwa wakipiga makofi.

"Anatetemeka tangu wakati gani?" niliuliza.

"Tangu asubuhi! Inaacha, inarudia, inaacha, inarudia! Haleluya!"

Jua lilikuwa katikati ya kichwa. Nilipiga magoti, nikamgeuza ubavu kama nilivyomwona Mama Odia akifanya. Nilipoinua macho, nilikutana na macho ya Pasta, na humo niliona hofu ileile iliyokuwa yangu. "Mubebe," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mubebe mbio, mama." Ni yeye aliyetafuta baiskeli, ile ya kubebea magunia ya mawe. Tulimlaza Kazadi juu ya bomba lake la katikati, kichwa kwenye mkono wangu, na Pasta akasukuma nyuma, suti yake imelowa jasho, mpaka mlangoni pa kituo cha afya. Njiani Kazadi alifungua macho mara moja, akaniona mimi na mbingu juu yangu. Hilo moja alilikumbuka.

Mama Odia hakuuliza chochote mpaka sindano ilipoingia na maji ya chupa yakaanza kudondoka. Midomo ya Kazadi ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Ndipo alipochukua fishi mpya, kadi ya mgonjwa, na kalamu, akakaa mbele yangu juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Sema polepole, niandike."

Nikasema. Juma lipi, kopo lipi, vingapi mwanzoni, vingapi baadaye, rangi ya boksi. Nikasema nilivyomshika kichwa ili asimwagikiwe. Aliandika yote kwa mwandiko wake wa duara, kama anaandika uzito wa mtoto mchanga. Alipomaliza alifunga kalamu.

"Ungeniambia dimanche, kwa kikao," alisema. Hakulirudia tena neno hilo maisha yake yote.

Daktari alikubali, na wakaanza kumpunguzia kama alivyosema kwenye kikao. Kila asubuhi nilimpeleka, Mama Odia akampa kwa mkono wake vidonge vya siku, vimefungwa katika karatasi: juma hili vinane, juma lijalo saba. Watu walimwimbia njiani, "Anfirmie anauzisha sasa!" Mtu alimshitaki hata kwa wakubwa wake, akaitwa ajieleze. Alikwenda na ile fishi chini ya kwapa, akarudi nayo, kesho yake akaendelea. Ilipofika mwezi wa tatu wa tiba hiyo, Kazadi hakuwa akimeza kitu. Alikula. Alilala. Alikuwa amepona ule ugonjwa ambao wote walisema haumo katika orodha ya magonjwa.

Lakini asubuhi ile ya ghalani ilikuwa imechukua malipo yake. Mkono wa kulia haukukunjuka tena vizuri. Maneno yalikuja moja moja, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Herufi zilimtoka zote. Alikuwa akishika daftari la Ntumba, analigeuza, analirudisha. Na mwaka ule wote haumo kichwani mwake: shimo, kopo, sufuria, kikao. Kimebaki kipande kimoja tu, mimi na mbingu, na baiskeli inayoruka mawe. Kwa hiyo tangu wakati ule, kila anaponitambulisha kwa mtu mgeni, husema, "Uyu njo yaya yangu. Njo alinitoa kule." Yaya, kwetu, ni dada mkubwa.

Mwaka uliofuata Mama Odia aliweka benchi nyuma ya kituo, chini ya paa la bati, na kusema kila Alhamisi mtu yeyote mwenye shida ya vidonge aje, asiulizwe na polisi wala na pasta. Walikuja wachache, halafu wengi. Mimi nilileta munkoyo, ndoo moja kila Alhamisi, na sijakosa hata moja, hata juma nililojifungua. Nimesikia pale mamia ya majibu ya lile swali. Nani alikupa cha kwanza? Mke wangu, mgongo ulikuwa unauma. Mama yangu, tulikuwa tunaanza kuchimba. Kaka yangu, kwa kunionea huruma. Karibu kila mara ni mtu wa nyumba, na karibu kila mara alitoa kwa mkono wa upendo. Mama Odia alilijua hilo tangu fishi ya kwanza. Siku moja, akinawa mikono, aliniambia, "Kapinga, aba bamama banajificha juu banawaza bako peke yabo. Simama siku moja, ubaambie. Mais kwanza, umwambie yeye, Kazadi. Haiko kwangu ile neno. Ni kwake." Nilisema ndiyo. Nilimimina munkoyo. Miaka imepita nikisema ndiyo na kumimina.

Nimejitetea kwa kila namna. Kwamba akili yake haiwezi tena kubeba. Kwamba furaha yake ndogo ni hiyo ya kunisifu mbele ya wageni, na nani atamnyang'anya? Lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye ninayekula sifa ile, na imenishibisha vibaya.

Matangani, siku ya tatu, Kazadi alikuwa anabeba viti kwa mkono wake wa kushoto, kimoja kimoja, hataki kusaidiwa. Mvi zimemwingia. Nilimpakulia bukari na sombe, akaja kukaa kando yangu, kwenye ukuta uleule, upande wa Mama Odia. Alikaa muda mrefu bila kugusa sahani.

"Yaya," alisema. "Mama Odia... alikuwaka anaandika yote. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Alijua basi... nani alinipatiaka ya kwanza."

Ntumba, aliyekuwa anakusanya vikombe, alisimama.

"Alijua," nilisema.

"Na amekufa nayo." Alitafuta neno, akalipata. "Weye... hakukuambia?"

Wanawake walikuwa wakiimba upande wa pili wa ua. Mikono yangu ilikuwa imelowa maji ya sufuria. Alikuwa ananitazama bila hila yoyote, kama mtoto anayeuliza njia, macho yaleyale ya sakafuni, ila sasa hayana tena siri yangu ya kuificha.

"Kula kwanza," nilimwambia. "Bukari inapoa."

Akala. Alikula yote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akasema ilikuwa tamu, akaenda kuchukua kiti kingine.

Nimeandika haya kwa siku nne, juu ya meza ileile, na Ntumba amenisahihishia makosa. Aliposoma alilia, kisha akaniambia kitu ambacho mimi mwenyewe nilikijua tangu mstari wa kwanza: Kazadi hasomi. Kurasa hizi nikimpa, atazigeuza, atanirudishia. Alhamisi atakuja kunibebea ndoo kama kawaida, tutatembea pamoja mpaka kwenye benchi, na deni langu kwake, ambalo halilipwi kwa kalamu ila kwa mdomo, tutakuwa nalo njiani.